Kiatu Kilichoiva Njiani kwenda Kibondo

Nilikwenda Kibondo kwa sababu ya mdogo wangu Elia. Alikuwa amempenda binti wa huko anayeitwa Riziki, hali wala halali, na ilibidi watu wazima waende kumposea. Baba yetu alikwisha fariki. Aliyebaki mwenye ulimi wa kutusemea ukweni alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Bitaliho, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata akiagiza chai huagiza kwa sentensi kamili.

Mimi nauza mbegu Kasulu mjini. Nina pikapu kuukuu, ndefu kwa miguu, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hakuna kilima cha huku kwetu Buha kilichowahi kuishinda. Ina aibu moja tu: ilikuwa ikipuliza hewa ya moto miguuni mwa abiria, masika na kiangazi. Kwa kuwa nilikuwa nimeisifu mno kwa mke wangu Neema, sikutaka baba yake ajue. Nikatandika magunia mawili sakafuni upande wake, nikamwomba Mungu.

Asubuhi, Kasulu, ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Mzee alitoka na suti nyeusi ya sufi, tai, na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe.

"Mwakeye, Baba," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu." Akaingia, akanyoosha miguu, akatabasamu. "Gari lako lina joto zuri. La kiungwana."

Nikashukuru. Kwa baridi ile, hata mimi niliona nimebahatika.

Tulipouacha mji jua lilipanda, na uungwana ukaisha. Mbele yetu lori lilikuwa likitimua vumbi kwenye mchepuko wa mafundi wa barabara, kwa hiyo madirisha tuliyafunga. Hewa ikaja kutoka chini, kavu, yenye harufu ya oili, kama mtu amefunua sufuria miguuni mwetu. Nilimtazama Mzee kwa pembe ya jicho. Jasho lilimshuka kidevuni, likadondokea tai.

"Uko salama, Baba?"

"Salama kabisa. Na wewe?"

"Mimi pia, Baba."

Ukiwa mkwe humwambii baba mkwe kwamba anatoka jasho, naye hakwambii kwamba gari lako ni tanuri. Tukaendelea hivyo, tukizungumzia bei ya maharage, kila mmoja akiiva kwa upande wake. Mara moja nilimwona akiinua miguu yote miwili, akaishikilia hewani kwa muda, kisha akaishusha taratibu ili nisione.

Makere tulisimama ninunue maji. Mzee alishuka. Mguu wake wa kulia ulifika chini, lakini soli ya kiatu ilibaki kwenye gunia. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Aliitazama soli, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikaona amekosa la kusema. Kisha akasema:

"Mwanangu, nadhani kiatu changu kimeiva."

Nilitaka kuomba radhi, kicheko kikanitoka kwanza. Naye akacheka mpaka akashika mlango.

Basi tukaanza kazi. Nilikuwa nimeogopa kwa muda mrefu kupiga magoti mbele ya miguu ya baba mkwe nikichungulia chini ya dashibodi, lakini sasa mguu wenyewe ulikuwa wazi. Mzee alitoa kitambaa chake cha mkononi. Niliacha injini ikiunguruma, naye akakipitisha polepole kila pembe, tukitazama ni wapi kinapeperuka. Kilipeperuka kwenye matundu ya hita, ingawa nilikuwa nimeizima. Kikapeperuka zaidi kwenye shina la gia, ambako mpira wake ulikuwa umepasuka kama mdomo wa chura. Na palipokuwa na tundu la nyaya, kwenye ukuta unaotenga injini na sisi, kitambaa kilimtoka mkononi kikamrukia usoni.

"Umeishi na gari hili namna gani?" akauliza.

"Kwa kunyamaza, Baba."

Koki ya hita ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa hiyo maji ya moto ya injini yalikuwa yakizunguka ndani saa zote. Kwanza nilizima injini, nikasubiri ipoe. Ndipo nikaukunja mpira wa maji yale na kuubana kwa waya. Kwa fundi baiskeli tulipata mpira wa ndani uliochakaa, nikaukata na kuufunga kwenye shina la gia. Likabaki tundu la nyaya. Mzee alivua soksi zake akanipa.

"Zisokomeze. Bila kiatu zina kazi gani?"

Viatu vya saizi yake havikupatikana. Zilipatikana kandambili za buluu tu.

Tulipopita Nyakitonto gari lilikuwa limepoa kweli, nami nilitamani kuimba. Mzee hakuwa na furaha. Alitazama kandambili zake chini ya suruali ya sufi.

"Wataniona mhuni," akasema. "Posa ya Elia itavunjikia miguuni mwangu."

Nilijua huenda anasema kweli.

Kibondo tulifika mchana. Familia ya Riziki asili yao ni Burundi. Ni raia siku nyingi, na mwenye neno la mwisho pale ni bibi yake Riziki, mwanamke mdogo wa umbo aliyeketi wima mkekani. Mzee alisimama, akaanza hotuba yake. Alikuwa hajafika katikati ya sentensi ya kwanza.

"Mwalimu," Bibi akamkatiza, "viatu viko wapi?"

Mzee alifumba macho, akaeleza yote: joto, soli, mpaka soksi zilipo. Wajomba wa Riziki waliziba midomo kwa viganja. Bibi hakucheka. Akanigeukia.

"Wewe ulijua gari linaunguza?"

"Nilijua, Bibi."

"Mbona hukumwambia?"

"Niliona haya."

"Na wewe, Mwalimu, miguu inaungua. Mbona hukusema?"

Mzee akakohoa. "Niliona haya."

Bibi alitikisa kichwa. "Mjukuu wangu hana haya ya namna hiyo. Akiungua kwenu, atasema. Mtamsikia?"

Mzee Bitaliho, mtu wa sentensi ndefu, alijibu kwa neno moja. "Tutamsikia."

"Ego," Bibi akaitikia kwa Kirundi, na hapo ndipo alipocheka, nyumba nzima ikamfuata. Posa ilipokelewa.

Siku ya pili tulirudi. Gari lilikuwa baridi kama mtungi, na Mzee alikuwa amejifunza kusema. Kabla hatujaiacha Kibondo nyuma aliniambia kwamba naendesha kama nafukuzwa. Mbele kidogo, kwamba viti vya sebuleni kwangu vinachoma mgongo, na kwamba sala zangu kabla ya chakula hupoza ugali. Nilisikiliza mpaka Makere.

"Wewe je?" akauliza. "Huna la kwangu?"

"Baba, jana usiku ulikoroma mpaka mbwa wa jirani wakabweka."

Nikashika usukani kwa nguvu.

"Bitaliho gani huyo anayekoroma?" akasema. "Endelea. Lingine?"

Na yalikuwepo mengine. Tulifika Kasulu bado tunayataja, Neema akasimama mlangoni akidhani tunagombana.