Dubwana Juu ya Kaburi la Baba Mdogo

Hii habari siisimulii mbele ya watu wa Kimuli, maana wao walikuwepo, na mpaka leo nikiwapita njiani nikawaamkia kuna akina mama wanaotazama kwanza vidole vyangu ndipo waitikie marahaba. Nyie nitawaambia, ila mcheke polepole, kwa sababu aibu yenyewe haikuwa ya kuchekesha mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha Nyaishozi (nafundisha mikondo ya bahari na bahari yenyewe sijawahi kuiona, lakini hayo tuyaache). Rafiki yangu Deus wa Kayanga ndiye aliyenitia kwenye mchezo wa vita vya mezani, ambao kila mtu ana jeshi lake la sanamu ndogo za plastiki, unazipaka rangi mwenyewe, mnazipanga mezani, mnatupa dadu, mnauana mpaka jioni. Jeshi langu ni la viumbe wa baharini, na likizo ile nilikwenda Kimuli kwa Mama Mdogo Adventina na sanamu moja tu, jemadari wao, dubwana la kimo cha chupa ya soda, lina mikono mirefu kama ya pweza, meno kama sindano, na macho manne.

Nililipaka kwa utulivu sana. Kwa kuwa bahari siijui, maji yaliyochongwa kwenye kitako chake niliyapaka rangi ya maji ninayoyajua, kahawia ya Mto Kagera baada ya mvua, na pembeni nikabandika vijani vya mafunjo. Mwilini nikapitisha vanishi ili lionekane limetoka majini sasa hivi, na machoni nikaweka rangi ya kijani inayong'aa gizani, ambayo Deus alinipa kwenye kichupa.

Sasa likahitaji kukauka. Jikoni moshi, uani wanapura maharage, vumbi tupu, na vanishi mbichi hunasa kila kitu, basi nikazunguka nyuma nikaingia kibanjani, katikati ya migomba, ambako kuna kaburi la Baba Mdogo, mume wa Mama Mdogo, limesakafiwa vizuri na linapata jua. Nikaliweka pale juu, uso ukiangalia msalaba. (Nilisema kimoyomoyo, samahani Baba Mdogo, nakuazima kidogo, kama mtu anayeazima kiti.) Nikaenda senta kuchaji simu, nikakuta mpira, nikasahau.

Hapa lazima muelewe jambo moja. Baba Mdogo alikufa maji. Alikuwa anavuka Kagera kwa mtumbwi, mto ukamchukua, wakamtafuta mpaka watu wakakata tamaa, na alipopatikana kwenye mafunjo jeneza halikufunguliwa tena. Mama Mdogo hakumwona. Haya yote niliyajua, na bado mkono wangu uliweka kitu kile pale.

Jioni wingu zito likashuka na giza likaingia mapema. Narudi, nakuta uani watu wamejaa, wananong'ona. Jirani yetu Mama Paskazia alikuwa ameingia kibanjani kukata majani ya kufunikia ndizi, akaona macho manne ya kijani yanamtazama kutoka kaburini. Hakupiga yowe, na hilo ndilo lililowatisha watu. Walisema alirudi akitembea taratibu, akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mto umekuja kumalizia."

Ningesema pale pale kwamba ni langu, mambo yakaisha. Lakini mwalimu mzima unaanzaje kusema unachezea sanamu? Nikajiambia nitapenya nilichukue bila mtu kuona, ila tayari Katekista Respisius alikuwa anaongoza watu kuelekea kule, nami nimo katikati yao.

Chini ya migomba palikuwa kimya, hata ndege hakuna. Mvua haijaanza lakini majani yanadondosha matone. Na yale macho yalikuwa yanatutazama sisi. Nimewaambia niliweka uso uangalie msalaba. Baadaye niliuliza mtu mmoja mmoja, hakuna aliyeligusa. Mimi niliyelipaka kwa mkono wangu, nywele zilinisimama.

Katekista akasema tuinue mikono tuombe. Nikainua, nikafumba macho, nikaitikia kwa bidii kuliko wote, mpaka nikasikia sala imekatika katikati ya neno. Nikafumbua. Watu wamenikimbia pande zote, nimebaki peke yangu kama mti uwanjani, na juu ya kichwa changu vidole vyangu vitatu vinang'aa kijani ile ile.

"Mwalimu," akasema Katekista, "hiyo mikono ilishika nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza mchezo, dadu, rangi, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Mzee mmoja akauliza hilo jeshi ninalosema lipo wapi, nikajibu lipo Kayanga, kabatini kwa rafiki yangu, na watu wakarudi nyuma hatua nyingine.

Ndipo Mama Mdogo akapita katikati yao. Akalishika lile dubwana, akalisogeza karibu na uso, akagusa maji yake kwa kidole, akagusa mafunjo.

"Haya ni maji ya Kagera," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Hiki ndicho alichokiona Baba Mdogo wako?"

Nilitaka kusema ni plastiki tu. Akalifunga kwenye upindo wa kitenge chake, akamwambia Katekista amalizie sala, na sote tukasali, mikono yangu nimeificha kwapani.

Hakunigombeza. Asubuhi aliniletea sanamu na brashi zangu mlangoni, akasema, "Yafumbe macho." Nikayapaka kope, moja baada ya jingine, yeye amekaa pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akanisimulia Baba Mdogo alivyoondoka siku ile, shati alilovaa, alivyorudi kutoka njiani kuchukua kofia.

Tulipomaliza akaichukua tena sanamu, hakunirudishia, nami sikuomba. Jeshi langu linapigana bila jemadari na Deus ananipiga kila tukikutana. Lakini nimeapa, na hili ninalishika kweli, kwamba siweki tena kitu changu nyumbani kwa mtu, hata kikombe, kabla sijauliza pale ni pa nani.