Dada wa Mpiga Mandolini

Aliingia Jumamosi moja mchana, tukiwa katikati ya wimbo, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango, akaupakata mkoba wake. Hakuja na ala yoyote. Mpiga mandolini wetu alisubiri tumalize, kisha akasema bila kutuangalia, "Huyu ni dada yangu. Anataka kusikiliza tu."

Tulimkaribisha. Akaitikia kwa kichwa. Halafu nikamwona akituhesabu, mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza. Tulikuwa saba.

Nieleze kwanza tulikuwa kina nani. Tulikutana kila Jumamosi nyumbani kwa mzee mmoja wa Utange, huku pwani, Mgiriama aliyekuwa amestaafu kupiga muziki katika hoteli za Shanzu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapigia watalii nyimbo zile zile za kuwakaribisha, mpaka mgeni mmoja aliyezoea kuja kila mwaka akamfundisha banjo, na safari yake ya mwisho akamwachia banjo yenyewe. Ndiyo iliyotukusanya. Muziki wenyewe huitwa blugrasi, muziki wa wakulima na wachimba makaa wa milima ya Marekani: banjo, fidla, mandolini, gitaa, besi kubwa ya kusimama, na waimbaji watatu wanaopishana sauti. Umeme hautakiwi. Mimi nimekulia Bonde la Ufa, ambako nyimbo za kantri zilisikika redioni kila Jumapili wakati mama akipiga pasi, kwa hiyo nilipohamia Changamwe kufanya kazi ya ukarani kwenye bohari ya makontena, na mwenzangu mmoja wa kazini akaniambia kuna mzee Utange anayepiga banjo, nilibeba gitaa langu nikaenda wikendi hiyo hiyo. Sikuacha kwenda.

Mpiga mandolini alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu kule Junda, na mikono yake ilikuwa migumu kama tofali, lakini ikishika ile ala ndogo ilikuwa myepesi kuliko mikono yetu sote. Yeye ndiye aliyeimba sauti ya juu. Bila sauti ya juu blugrasi haina ladha, na yeye alikuwa nayo, nyembamba, safi, inayopanda bila kujikamua.

Basi dada yake akaja Jumamosi ya pili, na ya tatu. Kila mara kiti kile kile. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfanyakazi wa kufua nguo katika hoteli moja, na alivaa kanga juu ya gauni lake kama mtu aliyekuja matangani. Alitoa daftari la shule akaandika. Akitoa simu, aliielekeza kwetu. Ukimtazama, naye anakutazama, hatazami pembeni.

Siku moja wimbo ulipokwisha aliuliza, "Huo mto mnaoimba kuuvuka ni upi?"

Mzee alicheka. "Ni mto wa kifo, mwanangu. Wale watu wa milimani walikuwa wakimwimbia Mungu. Ng'ambo ya mto ndiko nyumbani."

"Na nyinyi mnataka kuvuka?"

"Sote tutavuka."

"Lini?"

Mzee alidhani ni mzaha. Mimi sikudhani hivyo. Niliona alivyoandika jibu lile.

Nikaanza kumshuku. Sijui nianzie wapi kulieleza jambo hili bila kujisafisha. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa bara niliyeishi pwani miaka mingi, na kuna sehemu ndani yangu ambayo haijawahi kuacha kungoja siku nitakayoambiwa nirudi kwetu. Kundi letu lilikuwa la mchanganyiko: wanne wa bara, watatu wa pwani. Nikajiambia huyu mwanamke ametumwa kutupeleleza. Na nani, sikujua. Lakini ametumwa.

Jumamosi ya tatu mzee wa mtaa alibisha hodi. Alikuwa na kofia mkononi na adabu nyingi.

"Hamjambo? Samahani sana kwa kuwakatiza," akasema. "Nimeambiwa kuna mkutano hapa kila wiki. Nimeambiwa mlango unafungwa."

"Ni muziki tu," mwenyeji wetu akamjibu. "Wewe unanijua, jirani."

"Nakujua. Lakini miaka hii, ndugu yangu, lazima tuulize."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Sote tulijua alikuwa akiwaza nini. Pwani yetu ilikuwa imezika watu wengi mno waliojifungia msituni wakifunga na kuomba mpaka wakafa, na tangu hapo kila kundi linaloimba nyuma ya mlango uliofungwa linatazamwa mara mbili. Mzee wa mtaa alisikiliza wimbo mmoja, akapiga makofi kidogo, akaaga. Kabla hajatoka alimtupia jicho dada wa mpiga mandolini, naye dada akainamisha kichwa. Niliwaona.

Kuhusu ule mlango: ni kweli tuliufunga, na madirisha pia. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, bibi mmoja wa Kimvita, alikuja mwanzoni mwa mwaka akatuambia kwa upole, "Wanangu, mume wangu hajiwezi, na usingizi wake ni wa mchana. Nawaombani mufunge madirisha mukipiga hiyo miziki yenu." Tukamwitikia. Adhana ya alasiri ikisikika tulinyamaza, ikiisha tunaendelea. Tulijiona majirani wema. Chumba kilikuwa kama tanuri, feni inazungusha hewa ile ile, lakini tulistahimili.

Na kuhusu chakula: mzee alikuwa na sheria moja. Mkewe alipika mbaazi na mahamri kila Jumamosi, lakini hakuna aliyeonja mpaka tumalize kupiga, kwa sababu mafuta ya mahamri yaliharibu nyuzi na vidole viliteleza. Kila Ijumaa alitutumia ujumbe kwenye simu: Kesho hatuli mpaka tumalize. Tuliuzoea. Hatukuwahi kujiuliza ungesomekaje machoni pa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanitia haya. Dada alitoka kwenda msalani, akauacha mkoba wake kwenye kiti. Nikaweka gitaa chini. Nikaufungua. Mwenye fidla aliniona, akanong'ona, "We, wafanya nini?" Nikatoa daftari, nikalifungua mbele ya wote, nikasoma kwa sauti.

"Saa nane na robo. Watu saba. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa. Wimbo wa mto. Hawajala. Mzee amesema wasile mpaka amalize yeye. Kaka amekohoa mara kumi na moja."

Nikageuza ukurasa. Ndani yake kulikuwa na picha mbili zilizobandikwa kwa gundi. Ya kwanza ilikuwa ya mpiga mandolini kwenye harusi fulani, mashavu yamejaa, shati limembana. Ya pili ilipigwa akiwa nasi, wiki chache nyuma, akiimba, na shingo yake ilionekana kama ya mtu mwingine.

"Nirudishie."

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina maji.

"Wewe ndiye uliyemwita mzee wa mtaa," nikamwambia.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Tumekukosea nini?"

Aliwageukia wengine. "Kaka yangu hali," akasema. "Ananiambia anakula hapa kwenu. Nikasoma simu yake, nikaona mmemwandikia hatuli, kila wiki hatuli, na nyimbo zote ni za kufa na kwenda nyumbani. Mwezi wa kwanza alikuwa anabeba mfuko wa saruji peke yake. Sasa anashindwa na ndoo ya maji. Nikasema, nami nitaletewa kaka yangu ndani ya shuka. Nimewatazama wiki nne. Sijaona mkifanya ubaya wowote. Lakini sijaona pia yeyote kati yenu akimtazama yeye. Mtazameni."

Tukamtazama.

Alikuwa ameikumbatia mandolini kifuani kana kwamba mtu anataka kumpokonya. Mshipi wake ulikuwa na matundu mapya matatu yaliyotobolewa kwa msumari. Nikaona mifupa ya mabega. Nikakumbuka, yote kwa pamoja, mambo niliyokuwa nimeyaona bila kuyaona: jinsi alivyokohoa kati ya wimbo na wimbo nasi tukasema ni vumbi la saruji, jinsi alivyoanza kuketi wakati sisi tumesimama, jinsi sauti yake ya juu ilivyoanza kukatika. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana tulilishughulikia. Wimbo ulipomshinda tuliushusha kidogo. Uliposhuka ukamshinda tena, tukaushusha zaidi. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza. Hatukumuuliza hata siku moja kwa nini haufikii.

Mzee aliweka banjo yake sakafuni. Akaenda kupiga magoti mbele ya kijana yule wa thelathini na kitu, magoti yakilia.

"Mwanangu, nyumbani wasema wala hapa. Hapa ukiletewa sahani wasema umekula nyumbani. Wala wapi?"

Mpiga mandolini aliilaza ala yake mapajani. Kisha akasema, "Chakula hakishuki, mzee. Usiku nalowa jasho mpaka godoro." Akaeleza kwamba alishakwenda zahanati, akaambiwa alete makohozi, akapewa kikopo. Kikopo kile kilikuwa bado chini ya kitanda chake. Aliogopa. Msimamizi wa mjengo akisikia ana kifua kikuu angempa mtu mwingine kazi, na sisi, alisema, tungemkimbia.

"Nilikuwa na hii siku moja tu kwa wiki," akasema, akiigusa mandolini.

Kisha mke wa mzee, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akapita katikati yetu akafungua dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Akaufungua mlango mpaka mwisho. Hewa ikaingia, na ndipo nikafahamu tulikuwa tumevuta nini kwa miezi yote ile.

Dada alimpeleka Jumatatu. Majibu yalikuwa kama alivyohofia. Zahanati ikatuita sote, na foleni ile tuliyopanga, sisi sita, dada na mke wa mzee, nadhani ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kukutana bila ala. Mimi nilipatikana mzima. Wengine pia, isipokuwa mwenyeji wetu. Alipewa vidonge vya miezi sita kama vya mpiga mandolini, na alipotoka nje na bahasha yake alituambia, "Basi tutakuwa wawili wa kumeza," akacheka, lakini alipofika kwenye kona alishika ukuta.

Kundi lilivunjika kwa muda. Mwenye besi hakurudi kabisa. Alisema mke wake amemkataza, nami siwezi kumlaumu. Mtaa nao ulisikia, kama mitaa inavyosikia. Wale waliokuwa wakidhani sisi ni dini ya ajabu sasa walidhani sisi ni nyumba ya ugonjwa, na kwa wiki kadhaa watu walivuka upande wa pili wa njia. Nilimshuku kila aliyenisalimia kwa mbali. Kazini nilikaa kimya, nisije nikaulizwa.

Nilimtafuta dada kumwomba radhi. Nilimkuta Shanzu kwenye lango la wafanyakazi, akitoka zamu, harufu ya sabuni imemganda. Nikamwambia nilikosea kufungua mkoba wake, na nilikosea zaidi kuyasoma mambo yake hadharani.

"Ulikosea," akasema.

"Nilidhani umetumwa."

"Nilitumwa. Nilitumwa na mama yangu." Akaweka kanga yake sawa. "Wewe ulinishuku mimi miezi yote, na aliyekuwa anakohoa alikuwa amekaa pembeni yako."

Ilikuwa wiki nne tu, si miezi, lakini sikumsahihisha.

Ilichukua karibu nusu mwaka. Mpiga mandolini alianza kujaa mashavu. Kazi ya mjengo aliipoteza kweli, kama alivyoogopa, akapata nyingine kwa fundi wa vigae asiyeuliza sana. Mzee alipona polepole zaidi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekuwa mzito, kwa hiyo banjo ilipungua kasi. Tulipokutana tena ilikuwa uani, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Bibi wa Kimvita alitusikia tukijadiliana tukae wapi, akapaza sauti kutoka upande wake: "Pigeni tu! Mume wangu amekwenda zake, Mungu amrehemu. Nyumba iko kimya mno." Tulimwendea kumpa pole kabla hatujagusa ala.

Mwezi uliopita tulialikwa kupiga kwenye uwanja wa kanisa moja la Utange, onyesho letu la kwanza mbele ya watu tusiowajua. Walikuwa labda sitini, kwenye mabenchi. Tulipiga nyimbo sita. Wimbo wa tano una sehemu ngumu ya sauti ya juu, na mzee aliuliza kwa chini kama tuushushe. Mpiga mandolini akatikisa kichwa. Akaupandia palepale ulipo. Mahali fulani sauti ilikwaruza, si kama zamani, lakini ilifika.

Dada yake alikuwa benchi la nyuma. Tulipomaliza nilimwendea, tukasalimiana, nikamuuliza amelionaje onyesho.

"Ameimba vizuri."

"Na sisi?"

Alinitazama kwa yale macho yake yasiyokwenda pembeni. "Nyinyi bado siwaamini," akasema. "Nitakuwa nakuja."

Nikamwambia aje. Kisha nikaenda kumsaidia mzee kukunja viti.