Nyasi Alizopanda Nelima

Mwaka wa 2006 Kamukuywa nzima ilikuwa ikingoja Agosti, mwezi wa kutahiri vijana. Nelima alikuwa na hamu nyingine: kijito cha chini ya soko.

Kilikuwa kimeoza. Wauzaji walitupa humo mifuko ya plastiki na manyoya ya kuku, na kinamasi kilichokuwa kikichuja maji kililimwa sukumawiki hadi kikabaki matope matupu. Viola, binti wa Nelima, alikunywa maji yale akalazwa Kitale kwa homa ya matumbo. Alipona, ila masikio yaliziba kabisa. Tangu hapo mama yake akimwita hageuki, na kila asipogeuka Nelima huumia upya.

Ndipo akaanza kushuka kijitoni kila Jumamosi na reki na magunia. Watu walimcheka. Wa kwanza kuungana naye alikuwa Nasro, fundi cherehani wa karibu na msikiti, aliyekunja buibui lake kiunoni akaingia majini. Wakafuata akina mama wa kanisa, halafu wanaume wachache. Walizoa taka, kisha wakatafuta miche ya nyasi za majini huko juu ya mto ilikosalia, wakaipanda kinamasini. Kila mche waliufunga kwenye kijiti kwa uzi mwekundu wa Nasro, ili maji yasiuchukue.

Jambo moja lilimkera Nasro. Kila walipofika kona ya chini, penye matope laini, wanaume waliacha majembe mmoja mmoja, eti wamekumbuka ng'ombe zao.

"Hawa wazee wenu wanatoroka nini?"

"Ni uvivu tu, bana," Nelima alijibu. "Wacha tupande sisi."

Wakaipanda kona yote. Nyasi zikashika, na kufikia Julai maji yalianza kuonyesha changarawe. Nelima alimleta Viola, akamchovya mkono, wakacheka wote wawili.

Jioni ya kuamkia siku ya kutahiriwa Wekoye, mwanawe wa kwanza, shemeji yake Makokha alifika akiwa haangalii mtu usoni.

"Shemeji, hiyo nyasi yenu, ati imejaa mahali yetu."

"Mahali gani?"

"Si pale ya matope. Kesho kijana atapakwa."

Nelima alijua vijana hupelekwa mtoni alfajiri wakapakwe matope mwili mzima. Wapi hasa, hakujua. Aliolewa hapo kutoka Lwakhakha, na mwanamke hafiki wala haulizi. Na hao wazee, kufungua mdomo kuliwashinda! Waliona haya kutaja mahali pale mbele ya wanawake, wakasimama kando wakitazama wake zao wakipapanda.

"Si mngesema, Makokha! Miezi yote hiyo!"

"Tungekuambia aje, na wewe ni mama?"

"Basi chukueni matope ya kando."

"Kijana hapakwi matope ya kando. Unataka Wekoye achekwe mpaka azeeke?"

Hilo hakulitaka. Alimpenda Wekoye kama alivyompenda Viola, na sasa alikuwa akiambiwa achague.

"Ng'oeni kidogo basi," alisema. "Kidogo tu."

"Kidogo," Makokha aliahidi.

Lakini tangu lini umati wa kutahiri ukakanyaga kidogo?

Kulipopambazuka Nelima alikaa ndani na Viola, kama mama anavyotakiwa, akisikia wimbo ukipanda kutoka mtoni. Alichungulia kwenye ufa wa mlango. Ua ulijaa wanaume wenye matope hadi mapajani, na nyuzi nyekundu zimewanata miguuni. Hakuhitaji kwenda kuangalia. Akaziba mdomo kwa leso.

Wekoye alisimama katikati, amepakwa matope mwili mzima, hapepesi jicho. Juu ya kichwa chake, kwenye bonge la matope, palisimamishwa unyasi mmoja kama desturi ilivyo. Uzi wa Nasro ulikuwa bado umefungwa shinani.

Ngariba akakata, kipenga kikalia. Kijana hakutikisika. Nelima akapiga vigelegele.

Viola, ambaye hakusikia kipenga wala vigelegele, alikuwa ameuona uzi ule kupitia ufa. Alimvuta mama yake mkono, akaonyesha kichwa cha kaka yake, akauliza kwa vidole: ni wewe uliyempamba?

Nelima akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.