Samaki Hawakaribishwi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shamba moja karibu na Tumbi, Mtaalamu wa Samaki hakunionyesha samaki. Alinionyesha kopo la kupimia chakula chao. "Kopo hili asubuhi, kopo hili jioni," alisema. "Atakayeongeza ni adui. Usimwamini mtu na maji haya, hata mimi." Nami ni mtu wa kushuku tangu utoto, kwa hiyo kazi ilinifaa.

Ninyi vijana mnadhani ufundi uko kwenye pampu. Uko kwenye kinywa cha samaki. Perege anakula, kisha anachafua maji kwa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria waliomo kwenye changarawe tunamooteshea mboga huigeuza kuwa naitreti, na hicho ndicho chakula cha mboga. Chainizi ikishakula, maji yanarudi kwa perege yakiwa safi. Tope la chini tulilipeleka migombani, na mbolea ya dukani haikugusa tangi. Lakini bakteria wana kiasi chao. Ukizidisha chakula wanaelemewa.

Nilipohamishiwa Kisarawe, kwenye shamba jingine la tajiri yuleyule, nilikuta perege wanakuja juu asubuhi kuhema, wengine wameshakufa. Kipimo cha amonia, ambacho hubaki njano maji yakiwa salama, kilikuwa kijani kama kisamvu. Meneja wa Shamba hakuwa na maneno mengi. "Wakifa tena, mama, utarudi kwenu Maili Moja." Nilikuwa bado nasomesha watoto. Niliogopa.

Nilimshuku Msimamizi. Alikuwa mpole mno, na mpole mno ana lake jambo. Nikadhani anawanenepesha samaki kwa siri ili apate sifa siku ya kuvua. Nikachukua ufunguo wa stoo ya chakula, nikawa natembea nao. Kipimo kikabaki kijani. Nikamshuku mpishi, nikamshuku jirani, nikaishuku hata mvua.

Mchana mmoja nikajibanza migombani. Mlinzi wetu, Mzee Saidi, alitoka kuswali Adhuhuri, akaketi kwenye benchi la chakula kando ya tangi, akafungua chapati zake. Perege wakajaa ukingoni. Akamega kipande. "Karibuni, jamani," akawaambia, akatupa majini. Nikatoka.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

"Unawapa samaki chapati?"

"Sasa nifanyeje? Wamenikodolea macho. Nile peke yangu kama sikufunzwa?"

"Ni wewe tu?"

"Mpishi huwaletea ukoko, Msimamizi huwamegea ugali. Kila anayekula hapa huwakaribisha." Akanitazama kwa mashaka. "Isipokuwa wewe."

Nikahamishia benchi nyuma ya stoo, nikasimamisha chakula, nikawa nabadilisha maji kidogo kidogo mpaka kipimo kikarudi njano. Hakuna aliyekufa tena. Meneja alikuja akawahesabu samaki mwenyewe, na hesabu yake nayo niliishuku.

Sasa nimestaafu, niko Maili Moja na tangi langu dogo uani. Wageni wanakula ndani, mlango umefungwa. Wajukuu nawapekua mifuko. Lakini nikila peke yangu pale uani, yale macho yananitazama, na mkono wangu unaanza kumega. Mtaalamu alinionya juu ya watu wote, ila mkono huu aliusahau. Kwa hiyo nageuza kiti, nawapa samaki mgongo, nakula haraka, na bado najiona mchoyo.