Mgonjwa Asiyeguswa wa Dada Phalla

Saa moja asubuhi, Phalla Keo anatandika kitambaa kwenye sakafu ya pagoda, hekalu letu la Kibuddha, anaweka kipimo cha sukari juu yake, kisha anarudi nyuma. Mtawa Sovath, mzee wa miaka sabini na moja, anakiokota na kujichoma kidole mwenyewe. Kwa desturi yetu, mwanamke hamgusi mtawa, wala hampi kitu mkono kwa mkono.

"Geuza unyayo, Mheshimiwa," anasema Phalla huku amepiga magoti. "Zaidi kidogo. Hapo hapo."

Kidonda kwenye kidole gumba cha mguu hakijapona. Kipimo kinasoma kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Daktari wa wilaya ameshasema sukari isiposhuka mwezi huu, kidole kitakatwa.

Phalla si muuguzi. Ni muuza mboga katika kijiji chetu hapa Takeo, Kambodia, naye ana kisukari. Alipewa mafunzo ili awasaidie wagonjwa wenzake, na posho yake huishia kwenye petroli ya pikipiki. Wagonjwa wengine yeye huwafuata hadi jikoni na kuwagombeza, nao wanampenda hivyo hivyo. Huyu mmoja ndiye anayempa shida, maana mtawa hachagui chakula. Hula kile wanakijiji wanachomwekea kwenye bakuli lake.

Na kila siku ya ibada, Bibi Yorn humwekea keki za wali wa kunata na ndizi. Sisi huku tunaamini anachokula mtawa humfikia marehemu, na mume wa Bibi Yorn, Mungu amrehemu, alizipenda keki hizo kupita kiasi.

Phalla alimkuta Bibi barazani, nami nikiwepo.

"Bibi yangu, safari hii weka supu ya samaki na majani."

"Majani? Mume wangu alikuwa mbuzi?"

"Mtawa anaumwa, Bibi."

"Namhurumia. Lakini mume wangu hata mchicha alikuwa hali! Leo nimlazimishe kwa kuwa hawezi kunijibu?"

Phalla alicheka, kisha akauliza taratibu: "Kwani Babu alikufa na nini?"

Bibi Yorn alitazama uani. "Sukari."

"Na bado unampelekea keki?"

Bibi alimtimua kwa ufagio. Nikajua basi, mambo yameharibika.

Siku ya ibada ilipofika, Bibi alikuja na sufuria ya supu. Aliimimina kwenye bakuli la mtawa, akafumba macho, akanong'ona kwa sauti tuliyoisikia wote: "Kula, mume wangu. Ukitaka kununa, nuna."

Majirani wakafuata mfano wake. Wiki hii kipimo kimesoma tisa, na kidonda kinafunga. Phalla alilia hadharani, bila aibu.

Sasa anaiwazia sikukuu ya wafu, ambapo kijiji kizima hupika keki zile siku kumi na tano mfululizo. Anataka nyumba zote zibadilishe mapishi, ya watawa na ya kwao wenyewe. Bibi Yorn amejitolea kupita mlango kwa mlango.

"Niachieni mimi," anasema. "Nilimpikia mtamu wangu vitamu hadi nikamzika. Hao wenzangu, waume zao bado wapo."