Jumamosi za Matumbo, Umoja

Nakumbuka, mwanangu, tulipokuwa ndio kwanza tumehamia mtaa wa Umoja, Nairobi, miaka ya sabini ikielekea mwisho, kuta bado zinanuka rangi. Marehemu mke wangu, Mumbua, alikuwa sista, muuguzi msimamizi, wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ndogo. Daktari mpasuaji alikuwa mmoja tu, mzee, anakaribia kustaafu. Wa kumrithi alikuwa Otieno, kijana aliyekuwa akishikishwa mikasi tu, kisu hapewi.

Basi kila Jumamosi Mumbua alinunua matumbo ya ng'ombe, Otieno akaja kujifunza kukata na kushona mezani petu. Nikirudi kutoka masomo ya jioni, nakuta sufuria inachemka. Mwanangu, nimekula nyuzi za kutosha kushona mapazia ya Eastlands nzima!

Halafu ugonjwa wa ngiri ukanishika. Nikalazwa. Kusikia Otieno ndiye atakayenipasua, nikaruka kitandani.

“Huyu? Simtaki! Kazi yake nimeila, naijua!”

Wauguzi wakacheka. Mumbua hakucheka.

“Baba Mutheu, mzee anaondoka mwisho wa mwezi. Mwezi ujao nikiugua mimi, nitapasuliwa na nani? Na wewe?”

“Si wataleta mwingine.”

“Kutoka wapi? Daktari haoti kama sukuma wiki. Anafunzwa, na anafunzwa kwa mtu.”

Nikarudi kitandani.

Walinidunga sindano ya ganzi mgongoni, nikabaki macho. Mzee alisimama kando ya Otieno, mikono ameikunja kifuani. Kijana akasita, akamtazama.

“Endelea,” mzee akasema. “Mimi nipo.”

Niliona vidole vya mzee vikitamani kile kisu. Hakukigusa. Na kovu langu, mwanangu, limenyooka kuliko Outer Ring Road.

Otieno amefunza wengi tangu hapo. Mzee hayupo, Mumbua hayupo. Jumamosi zikifika nyumba inakuwa kubwa kama uwanja wa ndege. Natega sikio, labda nitamsikia akisema, “Otieno, fumua, anza upya.”

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa kazi ya kupanga watumishi wa hospitali, usihesabu vyeti tu. Uliza ni nani ameachiwa kazi mkubwa wake akiwa bado amesimama hapo. Ukiwa mkubwa wewe, ikunje mikono mapema, ungali na nguvu ya kuokoa jambo likiharibika. Na ukiwa mgonjwa, mpe nafasi kijana anayesimamiwa.

Mungu akujalie mwalimu mwenye subira, na mikono yako ipate wa kuirithi kabla haijachoka. Amina.