Tetemeko la Rafu ya Chini

Aibu yenyewe bado inaniwasha. Wiki ile redio ilikuwa ni matetemeko na volkano tu, hata nikawa naoga mbiombio nisije nikafukiwa uchi. Nilikuwa nauza vyombo dukani kwa Mzee Salim, Kariakoo. Asubuhi hiyo alinikabidhi simu ya mkononi, sijawahi kushika nyingine kabla yake, akaenda kufuata mzigo bandarini. Kwa kuogopa kuidondosha, nikaificha nyuma ya glasi, rafu ya chini.

Saa nne nikiwa namhudumia bibi mmoja, glasi zikaanza kugongana, rafu ikanguruma.

"Tetemeko! Tokeni nje!" nikapiga kelele, na wa kwanza kutoka nilikuwa mimi. Bibi wa watu nikampiga kikumbo, akakaa kitako sakafuni. Wauza duka wakaacha maduka wazi, mtaa mzima ukakimbilia Mnazi Mmoja.

Hakuna nyumba iliyoanguka. Nikarudi kichwa chini, watu nyuma yangu. Bibi alikuwa palepale sakafuni, simu inatetemeka mkononi mwake.

"Shikamoo, bibi."

Akaninyooshea simu.

"Tetemeko lako hili, mwanangu. Lipokee."